Kabla ya kulaumu mnara, zima taa
Habari inasema redio za Mikindani zinakwaruza jioni kwa sababu mnara wa kurushia matangazo ni dhaifu. Huenda, lakini tuanzie nyumbani. Washa redio ya betri, kisha zima vifaa kimoja kimoja: taa za LED, chaja za simu, inveta ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani). Kelele ikikatika, umempata mchawi. Taa za bei rahisi mara nyingi hazina koili wala kapasita, yaani vipuri vya kuchuja kelele hiyo. Hizo badilisha tu. Kwa sola, sokota pamoja nyaya za paneli, chanya na hasi, kisha zizungushe zote mbili mara 5 hadi 7 kwenye pete kubwa ya feraiti (aina ya sumaku nyeusi inayozuia kelele), hapo hapo kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti kuchaji betri. Ukiiweka pete mbali, kipande cha waya kilichobaki katikati kinageuka antena ya kurusha kelele.