Penseli Imehama Sikioni

Kitanda changu kina miguu mitatu na tofali. Tofali ni la muda tu, nilimwambia mama watoto, na muda wenyewe sasa una miezi minne. Tena ni fupi kidogo, kwa hiyo tukilala mimi naporomokea ukutani.

Jumamosi nikaufunga ule mguu uliovunjika kwenye gazeti, nikapanda daladala hadi Keko kwa rafiki yangu seremala. Tumesoma wote shule ya msingi, nikajua atanichongea mwingine kwa bei ya soda. Namfahamu mtu wangu: penseli sikioni, maranda kwenye nywele, na ule wimbo wake, "Njoo Ijumaa bosi, imebaki kupiga vanishi tu."

Nafika, nakuta mtu kavaa shati jeupe. Seremala, Keko, shati jeupe! Penseli hakuna. Shingoni kaning'iniza flashi kama hirizi. Ile randa yake ya chuma, ambayo hata mkwewe hakuwahi kuazimwa, imewekwa sakafuni kuzuia mlango usijifunge.

Katikati ya karakana kuna meza ya chuma inayomeza ubao mzima wa futi 4 kwa 8. Juu yake kuna daraja linalotembea lenyewe, na kwenye daraja kisu chembamba kuliko kidole kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika. Kinashuka kwenye mninga, kinachora ua, kinainuka, kinasogea, kinashuka tena. Kelele zake kama daktari wa meno anamtibu tembo. Vijana wawili wa kazi wamekaa wanatazama. Wamekalia viti vya plastiki. Karakana ya samani hiyo.

"Nani anaiendesha?"

"Kompyuta, kaka. X kulia na kushoto, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. Basi."

Jamani. Mimi nilichapwa viboko kwa ajili ya X! Nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba hiyo X sitaitumia popote, na ahadi nimeitimiza. Huyu aliyekuwa akinakili daftari langu ndiye X inamlisha.

Akaniongezea kwamba hata si jambo jipya, kwamba kule Marekani chuo cha MIT kilionyesha mashine ya chuma ya namna hii mwaka 1952, ikisoma amri kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Sisi karatasi tunafungia karanga.

Nikafungua gazeti, nikatoa mguu wangu. Akautazama kama nimemletea paka aliyekufa.

"Huu wa duara, kaka. Mashine hii ni ya mbao bapa. Huu unataka kukerezwa."

Mamilioni yote hayo! Inachonga maua ya mlango wa Kizanzibari, mguu wa kitanda imeshindwa.

"Si unichongee kwa mkono?"

"Kwa mkono?" Wale vijana wakacheka mpaka viti vikalia.

Nisiondoke na kinyongo, akasema atanichongea kibao cha mlangoni, bure. "Maneno andika mwenyewe." Nikaandika kwa kidole kimoja, akazungushia maua kwenye programu, akachomeka flashi kwenye kidude kama rimoti, akabonyeza. Nusu ya kazi, umeme ukakatika. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Uliporudi, mashine ikaendelea palepale ilipoishia. Mimi nikikatizwa simu nasahau hata nilikuwa naongea na nani.

Kibao kikatoka kingo safi, kinanukia. Nilikipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga. Abiria mmoja akakitazama, akaniambia, "Pole sana." Nikadhani ni joto.

Mama watoto akakipokea, akasoma kwa sauti: "KABURI NYUMBANI."

Na maua pembeni! Nikampigia mtu wangu kwa hasira.

"Kaka, mashine inachonga ulichoandika."

"Na wewe hukuona?"

"Mimi siku hizi naangalia X na Y. Kilete, nitakigeuza nichonge upande wa pili."

"Lini?"

"Njoo Ijumaa."

Sijaenda. Kibao kina unene wa inchi moja, kiasi kilekile lilichopungukiwa tofali. Nimekilaza juu yake, maandishi chini, na tangu hapo siporomoki.