Umenifanya marehemu

Muuza kahawa wa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliipokea picha niliyompelekea, akaisogeza mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wazee, kisha akanirudishia.

"Mbona umenifanya marehemu?"

Nilicheka, lakini alikuwa na hoja. Katika nyumba zetu nyingi picha isiyo na rangi ni ya babu aliyekwisha tangulia, imetundikwa juu ya kabati na fremu imeanza kuliwa na wadudu. Aliye hai hupigwa kwa rangi.

Wapo wengi wanaomuunga mkono bila kumjua. Mimi husema kutembea mtaani na kupiga picha nyeusi na nyeupe ni aina ya tafakuri; wao wanasema ni mbwembwe tu, na ushahidi wanao. Simu yoyote siku hizi hufuta rangi kwa kuguswa mara moja, na picha iliyokuwa ya kawaida inaitwa sanaa papo hapo. Mji Mkongwe ukivuliwa rangi unarudi nyuma miaka sabini: mabango ya kampuni za simu yanafifia, na ukuta uliobanduka chokaa unaonekana urithi badala ya nyumba inayomsubiri fundi. Watalii wanapenda hivyo. Tena kwetu rangi si pambo. Daladala za Dar es Salaam zilipakwa mistari ya rangi ili abiria ajue gari linaelekea wapi kabla hata ya kusoma kibao. Kanga ya kisutu, na wekundu wake, ina mahali pake harusini. Ukiipiga bila rangi umeificha nusu ya habari.

Yote hayo nayakubali. Ila wakosoaji hawa huishika picha mkononi, wakaihukumu, wakadhani wamemaliza na kazi yenyewe.

Kazi yenyewe huwa hivi. Kuanzia saa kumi na nusu alasiri jua huingia vichochoroni kwa ubavu. Kuna kichochoro kimoja ambako miale hupenya kati ya nyumba mbili na kutandika mwanga chini, upana wake kama mkeka. Mkeka huo hutembea. Hupanda baraza, hufika kizingitini, hukwea mlango msumari kwa msumari, na baada ya kama dakika ishirini umekwisha. Mimi hukaa baraza ya upande wa pili, kamera mapajani. Atapita mtoto na ndoo, atapita mama na mfuko wa muhogo, atapita wa vespa asiyejua kupunguza mwendo. Ukiwa umekata shauri tangu nyumbani kwamba leo hakuna rangi, jicho hufanya kazi nyingine. Shati jekundu mbele ya ukuta wa kijani, ambalo kwa rangi lingekupigia kelele, linaweza kutoka kijivu kilekile cha ukuta na mwenye shati akayeyuka. Basi huliandami tena shati. Unaangalia mwanga unaishia wapi, mguu utakanyaga wapi, na uso utakuwa umegeukia upande gani. Siku nyingi sipigi kitu. Narudi nyumbani na mkanda uleule wa filamu, na sioni kama nimepoteza alasiri.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye mjadala huu haumkwepi, alivutiwa sana na kitabu cha Mjerumani Eugen Herrigel kuhusu mafunzo ya upinde na mshale ya Kizeni, tawi la Ubudha, huko Japani, ambako mwanafunzi hufundishwa kuuacha mshale uondoke wenyewe. Lakini kitabu cha Cartier-Bresson mwenyewe cha mwaka 1952 kilipotoka kwa Kiingereza kilipewa jina la wakati wa uamuzi, na watu wakaelewa kwamba siri ni wepesi wa kidole. Jina la Kifaransa, Images à la Sauvette, lina ladha tofauti kabisa. À la sauvette husemwa kwa mchuuzi asiye na kibali, yule anayepanga bidhaa chini huku jicho moja likimchunga askari. Sisi tungeziita picha za kimachinga. Na anayemjua machinga anajua kwamba kutwa nzima hana haraka yoyote. Amekaa, anatazama njia, na sehemu kubwa ya kazi yake ni huko kutazama. Mbio ni za sekunde chache, tena si kila siku.

Namba inayonisumbua ni 2,500. Hiyo ndiyo takriban idadi ya mikanda ambayo Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaa ya New York na baadaye Los Angeles, aliiacha bila kusafishwa alipofariki mwaka 1984 akiwa na miaka 56. Mkanda mmoja una picha 36. Zidisha, unapata 90,000, na hakuna hata moja ambayo mwenyewe aliwahi kuiona. Hapo hatujagusa maelfu mengine ya mikanda iliyosafishwa lakini haikuchapwa hata kwa kuchagulia. John Szarkowski, msimamizi wa picha wa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, na mtetezi wake wa miaka mingi, alipozipitia kazi hizo za mwisho hakuficha kwamba zilimkatisha tamaa.

Kuna siku naiona namba hii kama ugonjwa, mtu anayetafuna bila kumeza. Kama hiyo ni tafakuri, basi hata cherehani inatafakari. Lakini Winogrand alikuwa na kawaida ya kuiacha mikanda ikae mwaka au zaidi kabla ya kuisafisha, asahau kwanza alivyojisikia siku ile, ili asije akaipenda picha kwa sababu tu siku yenyewe ilikuwa njema. Mlafi hafanyi hivyo. Ukisema alitoka kutafuta picha, 90,000 ni hasara isiyosemeka. Ukisema alitoka kutazama, ujira wake aliupokea barabarani palepale, na mikanda ni risiti tu. Vivian Maier naye, yaya wa Chicago aliyefariki mwaka 2009, aliacha negativu zaidi ya 100,000 na karibu hakumwonyesha mtu. Simu yangu imejaa picha ambazo sijazitazama mara ya pili; nyingine, nikisema kweli, sikuzitazama hata mara ya kwanza. Kati yangu na yaya yule sidhani kama mimi ndiye niliyeona zaidi.

Wala hakuna anayelazimika kuifanya nyeusi na nyeupe dini. David Goldblatt wa Afrika Kusini, katika kazi zake binafsi za enzi ya ubaguzi, aliiepuka rangi kwa kuona ni tamu mno kubeba hasira na karaha ya wakati ule. Ubaguzi ulipoondoka, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, akaigeukia. Santu Mofokeng naye mwaka 1986 alipanda treni za wafanyakazi kati ya Soweto na Johannesburg akapiga picha za ibada zilizokuwa zikifanyika humo behewani: watu wamebanana, macho yamefumbwa, mikono iko juu. Nimezitazama mara nyingi, na sijawahi kujiuliza nguo zao zilikuwa za rangi gani.

Hoja ya wakosoaji inayonikosesha usingizi ni ya ridhaa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na mwaka 2023 kamishna wake aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2022. Naweza kujitetea kwamba ile ilikuwa biashara na mimi natafakari, lakini mpita njia hilo halimhusu. Sura ni yake. Picha ambayo Cartier-Bresson alisema ndiyo iliyomwasha ni ya Mhungaria Martin Munkácsi, inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika: wavulana watatu Waafrika wanayakimbilia mawimbi, wametupa mgongo, miili myeusi na povu jeupe. Ni picha nzuri ajabu. Watatu hao hawana majina. Mtu wa Paris aliitazama akabadilika maisha, na wao huenda hawakujua hata kama wamepigwa.

Ndiyo sababu mimi hupeleka nakala. Wiki iliyofuata nilirudi Jaws Corner na mbili: ile ile aliyoikataa, na nyingine ya rangi niliyokuwa nimempiga kwa simu, kofia ya bulibuli kichwani na dele mkononi. Ya rangi aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Ile nyingine aliilaza kifudifudi juu ya sahani ya kashata, nzi wasitue, akanimiminia kahawa.