Kushusha upepo wa tairi: nani hasa anaharibu mpira?

Madereva wengi wa Land Cruiser za safari wanaopita njia ya changarawe kati ya Ngorongoro na Naabi, lango la Serengeti, hujaza tairi 40 PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) asubuhi, na hawagusi tena vali hadi jioni. Hoja yao ina uzito: tairi laini hupata joto, ubavu hukatwa na mawe, na hakuna mgeni anayefurahia kusubiri pancha izibwe juani. Anayeshusha upepo huonekana anachezea mali ya watu. Lakini tuangalie hesabu.

Tairi ya nyuma iliyobeba kilo 800 kwa 40 PSI hugusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 280, karibu ukurasa mmoja wa daftari la shule. Ishushe hadi 20 PSI, eneo linakaribia mara mbili: daftari limefunguliwa. Na alama hiyo hurefuka kuliko inavyotanuka, ndiyo maana gari huelea juu ya mchanga wa korongo badala ya kuuchimba. Mwenye 40 akizidi kukanyaga mafuta anajifukia hadi difu (gia ya katikati ya ekseli), kisha ni koleo, kusukumana na klachi kunuka. Kwa mchanga mlaini, 18 hadi 20 zinatosha. Shusha kabla ya kuingia. Ukishakwama utalazimika kufukua kwanza.

Kwenye changarawe yenye mawimbi madogo faida haionekani haraka, ila ndiyo kubwa. Tairi ngumu hupeleka kila pigo kwenye shokapu, springi na boliti za keria, maelfu ya mapigo kwa siku. Bomba la shokapu huwa moto wa kuunguza mkono, sili zinalegea, mafuta yanavuja. Ukiwa na 28 hadi 30, mpira wenyewe humeza sehemu ya pigo, na gurudumu halirukiruki kwenye kona. Wanaohesabu bei ya tairi wahesabu na bei ya shokapu nne.

Wapinzani wana haki katika mambo matatu. Mwendo: kwa 18 PSI usizidi kilomita 30 kwa saa, kwa 28 usizidi 60, kwa sababu ubavu unaojikunja haraka hupika mpira kutoka ndani. Mawe makali, kama ya volkano kuelekea Ziwa Natron: ubavu uliotokeza ndio unaokatwa, hivyo baki kwenye 30 na uende polepole. La tatu ni tyubu, na hili husahaulika sana. Tairi yenye tyubu ikiwa na upepo mdogo huteleza juu ya rimu, huvuta tyubu na kung'oa shina la vali. Kwa tairi hizo, kushuka chini ya 25 ni kwa dharura ya mita chache tu. Zisizo na tyubu huvumilia zaidi, ingawa chini ya 15 kona kali inaweza kutoa ukingo wa tairi kwenye rimu.

Udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua ni kesi nyingine: ukishaziba meno ya tairi, upepo mdogo hausaidii sana.

Pima tairi zikiwa baridi, maana joto la mwendo hupandisha kipimo. Ukipunguza zikiwa moto, asubuhi utakuta zimelegea kuliko ulivyokusudia. Na kompresa iwe ndani ya gari, ili upepo urudi kabla ya lami.