Zuio la mgomo si rungu la mwajiri peke yake

Mgomo ukinukia Tanga, iwe bandarini, kwenye kiwanda cha saruji Pongwe au mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, maneno ya vijiweni ni yaleyale: mwajiri atakimbilia mahakamani, jaji atatoa zuio, mchezo umekwisha. Kumbukumbu ya wengi ni walimu wa 2012. Waligoma Jumatatu Julai 30. Alhamisi Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikautamka mgomo wao kuwa batili.

Ila kifungu cha 84 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kina makali pande zote mbili. Kinaipa Mahakama ya Kazi, yaani divisheni hiyohiyo ya Mahakama Kuu, mamlaka ya kuzuia mgomo usiofuata sheria, na vilevile kumzuia mwajiri anayewafungia watu nje bila utaratibu, au anayeleta vibarua kuziba nafasi za waliogoma kihalali. Tena mamlaka hayo ni ya mahakama hiyo tu. Mkuu wa wilaya akifika getini na msafara wake akaamuru watu warudi kazini, hilo si zuio, hata akitumia kipaza sauti.

Penye utamu ni kwenye saa 48. Chama cha wafanyakazi kinachodai maslahi hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), husubiri siku 30 za usuluhishi, hupigisha kura, kisha humpa mwajiri notisi ya saa 48. Mwajiri anayetaka zuio naye lazima akipe chama notisi ya saa 48. Mahakama kuufupisha muda huo wa mwajiri kunahitaji sababu nzito. Barua ya chama ikifika Jumanne saa nne asubuhi, mgomo unaweza kuanza Alhamisi saa nne. Meneja aliyeilalia mpaka Jumatano mchana ameshachelewa, labda mahakama imwonee huruma. Kwa hiyo katibu wa tawi asitoke mapokezi bila nakala yenye muhuri, tarehe na saa. Saa ndiyo itakayobishaniwa. Akiwa nayo, pamoja na fomu ya CMA na hesabu ya kura inayoonyesha waliokubali ni zaidi ya nusu ya waliopiga, na kama hakuna katazo jingine la kisheria, mgomo wake ni halali. Hauna cha kuzuiwa, na aliyeshiriki hafukuzwi kwa kugoma.

(Wa maji, umeme na hospitali wana masharti yao, tuwaache.)

Mwajiri naye ana lake. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri kikao: lisipopita upesi kwenye korona, mashine ya kuchambua mkonge, linakauka, na singa, yaani nyuzi zake, inatoka na madoa inayoshusha daraja. Asipopata zuio, kinachobaki mkononi mwake ni kuwapa wagomaji haramu onyo la mwisho, kisha kuwaachisha kazi. Hili wanaoliita zuio rungu hulisahau. Amri ya mahakama humrudisha mtu shambani akiwa bado na ajira, na chama chake kikiwa na nafasi ya kurekebisha kasoro na kuanza upya. Hata fidia ikiombwa, mahakama hupima chanzo cha mgomo, nani mwenye kosa na uwezo wa kulipa.

Palipooza ni kwingine. Haki ya kugoma ni kwa mgogoro wa maslahi, kama nyongeza au posho mpya. Mshahara wa miezi miwili usiolipwa ni lalamiko, na lalamiko halina mgomo. Usuluhishi ukishindikana linakwenda kwenye uamuzi. Matokeo yake, mkata mkonge anayedai asichowahi kuahidiwa anaweza kugoma, na anayedai jasho alilokwishalitoa hawezi. Mwajiri akiomba zuio, deni lake mwenyewe ndilo linalothibitisha kuwa mgomo ni haramu. Wakosoaji wana hoja nzito hapa, ila wanambana jaji ilhali waliotunga sheria wako Dodoma. Mpaka Bunge liiguse, tawi lenye malimbikizo lisipoteze wiki likijadili mgomo: lalamiko lifunguliwe CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke, maana likipita hapo, chama kitaanza kwa kuomba kusamehewa kuchelewa kabla hata deni halijatajwa.