Chuo cha Mtandaoni kwa Mtu Mzima: Hesabu ya Krediti Itangulie Ada

Mtu mzima aliyeacha chuo mwaka wa pili au wa tatu, akaingia kwenye kazi na malezi, hatafuti chuo kwa namna ile ile anayotafuta kijana aliyetoka sekondari juzi. Huyu ana masomo aliyokwisha kuyafaulu, na ada ya masomo hayo alishailipa. Ndiyo maana swali linaloulizwa kila mara, chuo kipi cha mtandaoni ni bora, naona haliulizwi sawasawa. Bora kwa nani, mwenye krediti zipi, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kuyafaulu? Chuo kilichomfaa mwenzako kinaweza kukurudisha wewe nyuma miaka miwili.

Wanaotetea masomo ya mtandaoni wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Kusoma ukiwa mbali na darasa si jambo lililozuka na intaneti. Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992. Huko Marekani, kati ya 1971 na 1973, viliibuka vyuo vitatu ambavyo leo vinaitwa Excelsior, Thomas Edison na Charter Oak, vikiwa na lengo mahususi la kumpa shahada mtu mzima mwenye masomo yaliyotawanyika huku na huku, bila kumlazimisha kurudia anachokijua. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Muuguzi wa zamu za usiku au mzazi wa watoto wadogo mara nyingi hachagui kati ya darasa la mtandaoni na darasa la ana kwa ana. Kwake ni la mtandaoni, au shahada ibaki ilipo.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba krediti hazihami kirahisi kama matangazo yanavyodai. Mwaka 2017 ofisi ya uwajibikaji ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hesabu hiyo iliwagusa wanaohama kwa jumla, si wa mtandaoni peke yao, lakini anayerudi chuoni baada ya miaka kumi ni mhamiaji pia, tena mwenye transkripti, yaani hati ya masomo na alama zake, kuukuu.

Tuiangalie kwa karibu barua ya tathmini, ile ambayo chuo kipya hukuandikia kukueleza kimepokea krediti zako zipi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Chukua shahada ya krediti 120 na mtu mwenye krediti 80 mkononi. Chuo cha kwanza kinamwandikia kwamba zote 80 zimepokelewa. Furaha tupu. Lakini ukiisoma barua mstari kwa mstari unakuta 45 tu ndizo zimeingia kwenye masomo ya lazima, na 35 zimewekwa kwenye masomo ya hiari, wakati shahada yenyewe ina nafasi 15 tu za hiari. Krediti 20 zimepokelewa na hazina kazi. Zimebaki 60 za kusoma. Chuo cha pili kinapokea 66 tu, ila zote zinaingia mahali pake, na zinabaki 54. Kilichoonekana kibahili ndicho kinachomfikisha mapema. Kwa hiyo usiishie kuuliza wanapokea krediti ngapi. Uliza zimebaki zipi za kusoma hadi kuhitimu, somo kwa somo, na jibu liwe la maandishi kutoka kwa msajili. Neno la mdomo la ofisa udahili halitoshi, hata awe mwema kiasi gani.

Yapo na mambo mawili yanayofichwa na maandishi madogo. Vyuo vingi huweka idadi ya krediti ambazo lazima uzisome kwao ndipo wakupe shahada yao, hata kama umekuja na nyingi. Vilevile, baadhi ya masomo huhesabiwa kuwa yamepitwa na wakati, hasa ya sayansi na teknolojia.

Halafu kuna suala la mwendo. Western Governors University, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997, hutoza ada kwa muhula wa miezi 6 badala ya kutoza kwa somo, na mwanafunzi husonga mbele kila anapothibitisha kwamba ameyamudu maarifa ya somo husika. Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kuyamaliza masomo ya uhasibu kwa kasi na kuokoa fedha. Lakini ada ni ile ile kwa anayekwama, na mwaka wenye ugonjwa nyumbani na kazi za ziada unaweza kupita kwa masomo machache sana. Uhuru wa ratiba unaosifiwa mno ndio huo huo unaoweza kumwacha mtu peke yake saa nne usiku, amechoka, bila tarehe ya kukabidhi kazi wala mwalimu wa kumuuliza ameishia wapi. Maoni yangu ni kwamba aliyeacha chuo mara ya kwanza kwa kukosa nidhamu ya ratiba atafute programu yenye kundi, tarehe na mkufunzi anayepiga simu, hata kama ni ghali kidogo. Aliyeacha kwa kukosa fedha au muda ana sababu nzuri ya kujiendesha mwenyewe.

Kuhusu ithibati sina maneno mengi: kama chombo kinachotambuliwa na serikali hakijakithibitisha chuo hicho, mjadala umeishia hapo. Ila ithibati haizuii matangazo ya kupotosha. Mwaka 2019 University of Phoenix, chuo chenye ithibati, kilikubali suluhu ya dola milioni 191 na tume ya biashara ya Marekani, iliyokilaumu kwa matangazo yaliyojigamba kuhusu uhusiano wake na waajiri wakubwa. Na kwa fani zenye leseni kama uuguzi, ualimu au uhandisi, ithibati ya chuo peke yake haitoshi. Bodi ya taaluma ya mahali unapotaka kufanya kazi ndiyo inayoamua kama shahada hiyo inakubalika na kama mafunzo kwa vitendo yametosha. Iulize bodi yenyewe.

Naona wengi wanaruka mlango ulio karibu zaidi, chuo kile kile walichokiacha. Krediti zake hazihitaji kuhama, na siku hizi vyuo vingi vya kawaida vina masomo ya mtandaoni au ya jioni. Kikwazo kinaweza kuwa deni la zamani, au kanuni ya ukomo wa miaka ya kukamilisha shahada, na yote mawili yanaweza kuzungumzwa na msajili kabla hujamlipa mtu mwingine hata ada ya maombi.