Moyo mgumu na mtihani wa kidato cha nne

Kila Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne Tanzania wanapoingia kwenye mtihani wa taifa, husikika kauli ileile: huyu ana moyo mgumu, atafaulu; yule ni mwoga, utamshinda. Ina ukweli, lakini nusu tu.

Tafiti nyingi za wanasaikolojia zinaonyesha kwamba mwenye bidii na mpangilio kwa kawaida hupata alama nzuri zaidi, na mwepesi wa wasiwasi huteswa zaidi na hofu ya mtihani. Tazama mtihani wa Hisabati, unaochukua muda wa saa 3. Swali la kwanza likimkatalia aliyetulia, analiruka, anakusanya alama kwenye anayoyaweza, kisha analirudia. Mwenye wasiwasi analing'ang'ania. Jasho linamtoka, nusu saa inapita, hata aliyoyajua jana kwenye prepo, kipindi cha kujisomea usiku, yanampotea.

Hata hivyo, bidii nayo huumiza. Mwanafunzi asiyejisamehe hukesha hadi saa 8 usiku akiogopa kukosa daraja la kwanza, na kwa kuwa alama zake ni nzuri, hakuna mwalimu anayemuuliza hali. Huyo ndiye anayenitia hofu zaidi. Mchangamfu anayeitwa mpiga soga huenda akawa salama kuliko yeye: akikwama anauliza, akiogopa anasema. Na hofu kidogo si mbaya, humwamsha mtu asome.

Kosa letu kubwa ni kuitumia tabia ya mtoto kuficha upungufu wa shule. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, yaani wamefeli. Mwaka 2013 serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Nani atasema watoto wote wale walikuwa na mioyo dhaifu? Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka 7, kisha akakutana na Fizikia kwa Kiingereza bila mwalimu wa somo, ana haki ya kuogopa.

Kupanga ratiba, kuruka swali gumu na kuomba msaada ni mambo yanayofundishika, hata kwa mwoga. Mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, ungekuwa mahali pazuri pa kuyafundisha: mwalimu akae na kila mwanafunzi na karatasi yake, waone muda ulipotelea wapi, badala ya kubandika majina ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.