Mkusanyaji alihesabu milango, si wageni
Nimesoma makala isemayo kwamba halmashauri za wilaya huku Dodoma zinakosa ushuru wa nyumba za kulala wageni kwa sababu wenye gesti wanaficha wageni, hapo mwandishi ameona upande mmoja tu. Nimekaa mapokezi miaka sita kwenye gesti ya vyumba 9 kando ya barabara ya Morogoro. Ushuru unapaswa kutokana na alicholipa mgeni, kwa hiyo ushahidi ni lile daftari mnaloandika jina, kabila, utokako na uendako. Daftari mbili zipo, la kweli na la kuonyesha, sibishi, na mgeni wa saa mbili za mchana haandikwi popote. Lakini mkusanyaji aliyekuwa akija kwetu hakufungua daftari hata siku moja. Alihesabu milango, akazidisha kwa bei ya chumba, akatoa makadirio, halafu mnaanza kubembelezana. Msimu wa mavuno wanunuzi wa mahindi na madereva wa malori wanalala mpaka kwenye makochi. Januari hadi Machi tunauza chumba kimoja, siku nyingine hata hicho hakuna. Makadirio yaleyale! Bunge la bajeti likikaa, Aprili mpaka Juni, vyumba vinagombaniwa mjini. Sisi tunaona taa za nyuma za magari ya waheshimiwa. Na tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, kuna wanaomaliza shughuli na kurudi kulala kwao Dar. Wenye gesti wa Kondoa, mnaopata watalii wa michoro ya miambani ya Kolo, ninyi mnakadiriwaje?